Chukudu ya dhahabu na chukudu ya mti: historia ya sanamu wanayoipiga picha wageni wa Goma

GOMA – Mgeni akifika Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini, hachelewi kupitishwa Rond-point Chukudu. Hapo katikati ya barabara kuna sanamu ya rangi ya dhahabu: mtu akisukuma chukudu. Wageni wanashuka kwenye pikipiki au gari, wanapiga picha, wanaendelea na safari. Wengine wanacheka, maana hawajazoea kuona mji unakiwekea sanamu chombo cha kubebea makala. Kwa wenyeji si kichekesho.

Chukudu ilianza kuonekana Kivu katika miaka ya 1970, inchi ikiitwa Zaire. Uchumi ulikuwa unaanguka, magari na vipuri vilikuwa haba, barabara zilikuwa zinaharibika. Mazao yalikuwa lazima yafike sokoni hata hivyo. Mafundi wa mbao wakakata mti mgumu, mara nyingi mkaratusi, wakatengeneza ubao mrefu, usukani kama pembe za ng'ombe, na magurudumu mawili ya mti yaliyovalishwa raba ya matairi ya zamani. Chombo hicho hakina injini wala pedali, lakini kinabeba mamia ya kilo: makala, maharagwe, viazi, mbao, madumu ya maji. Kwenye mlima mtu anasukuma. Kwenye mteremko anapanda, goti moja juu ya ubao, na mzigo unamvuta.

Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Moto wake ulipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila makao. Goma ilijengwa upya juu ya mawe meusi, mahali gari dogo linavunjika lakini chukudu inapita. Mbao na mawe ya nyumba mpya yalibebwa kwa mikono hiyo hiyo.

Sanamu ilisimamishwa wakati wa urais wa Joseph Kabila, kuheshimu bidii ya watu wa Kivu. Hapo ndipo ilipo tofauti yake. Kinshasa, sanamu zinazojulikana ni za viongozi: Lumumba, Kasa-Vubu, Laurent-Désiré Kabila. Wakati wa ukoloni zilikuwa za Léopold II na Stanley, na Mobutu ndiye aliyeziondoa barabarani. Goma iliweka juu mtu asiye na cheo.

Lakini heshima ya sanamu haijapunguza uzito wa mzigo. Barabara za chukudu, za Kibumba, Rutshuru na Masisi, ndizo pia barabara za vita. M23 iliingia Goma Novemba 2012, ikaingia tena mwisho wa Januari 2025. Kila mara mapigano yakikaribia, chukudu zinabadilisha kazi: badala ya viazi zinabeba magodoro, sufuria na watoto wa wanaokimbia. Picha hizo nazo zilizunguka dunia, na wengi waliomo hawakuulizwa hata majina yao. Siku za utulivu, pikipiki na magari ya magurudumu matatu yanawachukulia wateja.

Kwa hiyo anayesimama Rond-point Chukudu na kamera yake ana picha mbili mbele yake. Ya kwanza ni ya dhahabu, haisogei wala haidai kitu. Ya pili inapita chini yake, na jasho usoni. Hiyo haipigwi kwa kuvizia. Mtu anasalimiwa kwanza, anaombwa ruhusa, na akikataa anaachwa aende. Akikubali, aulizwe ametoka wapi na amebeba nini. Majibu yake ndiyo sehemu ya historia ambayo sanamu haiwezi kusema.