Nafasi ya Mtu Mmoja Zaidi

Ijumaa, Julai 16, 1999, mashariki mwa Marekani. Tunaikumbuka jioni ile saa kwa saa, kwa sababu mkasa wake haukuja kwa kishindo. Ulijikusanya kidogo kidogo, na kila hatua ilionekana ya kawaida.

Saa 12:30 jioni. John F. Kennedy Jr., mwana wa rais aliyeuawa mwaka 1963, anataka kurusha ndege yake hadi kisiwa cha Martha's Vineyard. Shemeji yake atashuka hapo, kisha yeye na mkewe Carolyn wataendelea hadi Hyannis, kwenye harusi ya binamu yake. Ni pwani ileile ambako mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, alimwendea baba yake John mwaka 1960 kuwaombea wanafunzi wa Afrika Mashariki nauli ya kwenda kusoma Marekani. Nauli zilipatikana, na jina Kennedy likaingia katika nyumba nyingi za Kenya. Ndiyo maana msiba huu uligusa hata kwetu.

Kuna rubani mwalimu aliyejitolea kwenda naye. Amemjibu kwamba anataka kwenda mwenyewe. Utabiri wa hali ya hewa haumzuii, wala sheria haimkatazi.

Saa 2:14 usiku. Jua la kiangazi linazama. Yeye bado yuko ardhini.

Saa 2:38. Piper Saratoga yenye injini moja inapaa kutoka Fairfield, New Jersey. Rubani ana miaka 38. Leseni yake ina mwaka mmoja na ushei, na saa zake za kuruka ni kama 310, za usiku zikiwa 55 hivi. Hana kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo pekee. Anachotegemea ni macho yake.

Saa 3 kamili. Ndege inafuata pwani ya Connecticut, futi 5,500 juu. Chini, taa za miji zinamwonyesha ardhi ilipo.

Saa 3:34. Anaanza kushuka. Pwani inabaki nyuma, na mbele ni bahari tupu chini ya utusitusi mzito wa joto. Mbingu na maji vimekuwa kitu kimoja. Rubani mwingine aliyepita eneo hilo jioni hiyo alikitafuta kisiwa kwa macho asione hata taa moja, akadhani umeme umekatika.

Nahodha wa jahazi akizidiwa na ukungu hutia nanga, akangoja kupambazuke. Ndege haina nanga. Tena angani mwili wenyewe husema uongo: ndege ikipinda taratibu, majimaji ya ndani ya sikio hutulia, na rubani huhisi imenyooka. Akiinyoosha, huhisi inalala upande wa pili. Mshale wa dashibodi ndio unaosema kweli, lakini kuuamini huku mwili mzima ukikataa ni kazi ya mazoezi marefu.

Saa 3:38. Rada inaonyesha ndege ikipinda kulia, ikipanda kidogo, ikipinda kushoto, kisha kulia tena.

Saa 3:41. Inaporomoka kwa kasi ya zaidi ya futi 4,700 kwa dakika, inaingia baharini. Watu watatu wamekwisha. Kisiwa kilikuwa maili chache tu mbele, taa zake zikiwaka.

Saa 8 na robo usiku. Jamaa waliochoka kungoja wanawaarifu walinzi wa pwani.

Siku nne baadaye mabaki yakaonekana, karibu futi 120 chini ya maji. Julai 22 majivu ya wote watatu yakazikwa baharini kutoka meli ya kivita. Wachunguzi hawakukuta hitilafu kwenye injini. Walihitimisha mwaka 2000 kwamba rubani alipoteza mwelekeo akishuka juu ya maji usiku, akashindwa kuidhibiti ndege.

Hatuwakumbuki ili tumlaumu. Kutaka kufanya jambo mwenyewe ni tamaa ya kila aliyewahi kujifunza kazi, na bila tamaa hiyo hakuna anayekuwa fundi. Lakini kuna usiku ambao ujasiri wote uko katika kumwambia mwenzako, "Twende wote."

Ndege ile ilikuwa na viti 6. Watu walikuwa 3.