Birgit Fischer: Miaka 24 ya Dhahabu

Dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki aliitwaa Moscow mwaka 1980, akiwa na miaka 18. Ya mwisho alivishwa Athens mwaka 2004. Alikuwa na miaka 42.

Birgit Fischer alizaliwa mwaka 1962 Brandenburg an der Havel, mji wa mto na maziwa uliokuwa Ujerumani Mashariki. Mbio zake kuu zilikuwa za mtumbwi wa kayaki, mita 500: chini ya dakika mbili za kupiga kafi lenye mabapa mawili, kushoto kulia, bila nafasi ya kupumua. Nchi yake iliposusia Michezo ya Los Angeles mwaka 1984, alibaki nyumbani angali katika ubora wake. Hasara kubwa, bila shaka. Seoul 1988 alirudi, sasa akiwa mama, akazoa dhahabu mbili na fedha moja.

Ukuta wa Berlin ukaanguka, bendera ikabadilika, naye akaendelea kushinda, safari hii kwa Ujerumani iliyoungana.

Baada ya Sydney 2000 alistaafu, kisha akabadili mawazo. Athens, yeye na wenzake watatu waliwapiku Wahungari kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Jumla ya medali zake za Olimpiki: dhahabu 8, fedha 4.