Benako: mji uliorithi jina la kampuni

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali, likishaacha Lusahunga na mapori ya Biharamulo, hufika mahali ambapo madereva wengi hupenda kupumzika kabla ya mpaka wa Rusumo. Katika makaratasi ya serikali hapo ni kata ya Kasulo, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Kwa dereva, utingo wake na mama anayewauzia chakula, hapo ni Benako, na hakuna anayehitaji kuelekezwa zaidi.

Jina hilo halina ndugu katika eneo lile. Kata za Ngara zimebeba majina ya wenyeji, Wahangaza na Washubi: Murukulazo, Murusagamba, Ntobeye, Nyakisasa. Benako lilikuja na Waitaliano. Kampuni ya ujenzi iliyoitwa Benaco ilipiga kambi hapo wakati wa kujenga barabara ya kwenda Rusumo. Huko Italia, Benaco ni jina la kale la Ziwa Garda. Kazi ilipokwisha mafundi wakafungasha mitambo yao na kuondoka, lakini watu walikuwa wameshazoea kusema wanakwenda Benako, na wakaendelea kusema hivyo.

Kwingine duniani majina ya namna hii hupikwa ofisini, kwa kusudi la kuuza. Mfano unaojulikana sana uko New York. Kusini kabisa mwa Manhattan, kwenye soko la hisa na mabenki, watu walijaa mchana na kutoweka jioni. Miaka ya mwanzo ya 1990 ofisi nyingi zilibaki tupu. Mwaka 1995 mji ukaweka mpango wa kuwapunguzia kodi wenye majengo watakaogeuza ofisi kuwa nyumba za kuishi. Ndipo mtaa wa mabenki ulipohitaji sura nyingine. "Financial District" ni jina la mahali pa kazi, mtu hawezi kulitamani kama anatafuta mahali pa kulea watoto. Likafupishwa kuwa "FiDi", jina jepesi, la kirafiki, linalotosha kwenye tangazo la nyumba ya kupanga.

Madalali wa nyumba hawakubuni mtindo huo siku ile. Walikuwa wamekwisha kuona SoHo, eneo la viwanda vilivyokufa kusini mwa barabara ya Houston, ambalo jina lake lilianza kutumika miaka ya 1960. Wasanii walihamia humo kwa sababu ya nafasi kubwa na kodi ndogo, na mwaka 1971 mji ukaruhusu rasmi waishi humo. Baada yao walikuja wenye maduka ya nguo za gharama, na wasanii wengi wakashindwa kodi. Tangu hapo kila dalali akatafuta SoHo yake. Mwaka 2017 walipojaribu kuiita sehemu ya kusini ya Harlem "SoHa", wakazi waliandamana. Seneta wa jimbo, Brian Benjamin, alipeleka muswada wa kuwabana madalali wanaobadilisha majina ya mitaa ili kuuza nyumba. Watu wa Harlem walijua kwamba jina jipya likishika, kodi mpya iko njiani.

Pwani yetu iliujua mchezo huo mapema kuliko New York. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alichagua ufukwe uliokuwa jirani na kijiji cha Mzizima, akajenga kasri, akakaribisha wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kihadhrami, na mji ukaitwa Dar es Salaam. Jina lilikuwa mwaliko: njoo, huku kuna amani, leta mali yako. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora. Mwaliko haukutosha peke yake. Uhai ulirudi baada ya Wajerumani kufika mwaka 1887 na kuufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891.

Benako ilipata wakazi wake bila mwaliko wa mtu yeyote. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalianza Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 ya mwezi huo, kwa muda wa takriban saa 24, umati unaokadiriwa kufikia watu 250,000 ulivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Wilaya nzima, kwa sensa ya 1988, ilikuwa na watu wasiofika 200,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilikuwa halijaona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Palipowahi kuwa kambi ya mafundi wa barabara pakawa kambi ya wakimbizi, na waandishi wa habari wa nje wakaanza kupaita mji wa pili kwa ukubwa Tanzania.

Mji huo wa turubai ulikuwa na majina yake ya ndani. Wakimbizi walipangwa kwa komuni, yaani maeneo ya utawala ya Rwanda, walizotoka, hivyo mtu wa Benako aliendelea kuishi chini ya jina la kwao, na mara nyingi chini ya viongozi walewale. Baadhi ya viongozi hao ndio waliosimamia mauaji. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi, alikuwa miongoni mwa waliofika Benako. Wafanyakazi wa misaada walipotaka aondolewe mwezi Juni 1994, umati wa wafuasi wake ulizusha vurugu. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani.

Biashara nayo ilikua kwa kasi ya umati. Nafaka na mafuta ya msaada vilibadilishwa na ndizi za wenyeji. Magari ya mashirika yalihitaji mafuta na mafundi, na vijana kutoka mikoa mingine walikuja kutafuta ajira. Wenyeji walipoteza miti, maji na usalama, na wakati huohuo wakapata soko ambalo Ngara haikuwahi kuwa nalo. Mapema Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi. Maelfu walikimbilia upande wa ndani ya Tanzania, askari wakawageuza, na foleni ndefu ikavuka tena daraja lilelile.

Kambi za jirani, Lumasi, Msuhura na Lukole, zilikuwa na majina ya huko huko. Lukole, ya Warundi, iliendelea hadi 2008. Lakini jina lililogeuka mji ni lile la kampuni ya kigeni, kwa sababu liko barabarani, na barabara ya kwenda Karagwe inakutana hapo na barabara kuu.

Historia hiyo inafanana sana na ya Kariakoo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelipima kwa ajili ya Waafrika liligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Nairobi nako kuna Kariokor, yenye asili hiyohiyo. Kambi zote mbili zilipokwisha, soko likabaki na jina lake.

Wauzaji wa nyumba wa leo hawana subira ya kungoja jina lijizalie lenyewe. Shirika la Nyumba la Taifa lina Safari City nje ya Arusha. Kigamboni kulitangazwa Dege Eco Village, mradi wa maelfu ya nyumba uliohusisha mfuko wa NSSF, ukakwama ukiwa majengo matupu kando ya bahari. Wakati huohuo katikati ya Dar es Salaam, ambako maghorofa ya makazi yamepanda juu ya nyumba za zamani za Uhindini, makonda hawahangaiki na majina rasmi ya kata. Wanaita "Posta!" na abiria wanapanda.

Biharamulo, iliyo njiani kwenda Benako, imeonja upande wa pili wa mchezo huu wa majina. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa hifadhi ya taifa, ili kuvuta watalii kanda ya ziwa. Hifadhi hiyo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707, iliitwa Burigi-Chato. Chato, nyumbani kwa John Magufuli, aliyekuwa Rais wakati huo, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo kabla ya kupewa wilaya yake na kuhamishiwa mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Jirani, Ibanda ikawa Ibanda-Kyerwa na Rumanyika ikawa Rumanyika-Karagwe. Huko wilaya ziliongezwa kwenye jina. Biharamulo, iliyotoa pori lake, haimo kwenye jina wala kwenye ramani ya mtalii anayetafuta hifadhi hiyo. Jina lake limebaki kwenye wilaya na kwenye boma la Wajerumani.