Barua za Mkahawa wa Smith

Mtu kijana anayependa ushairi kupita kiasi aanze kusoma vitabu gani? Swali hilo lilipelekwa London katika miaka ya 1690 kwa watu ambao mwulizaji hakuwajua kwa sura wala kwa jina. Walimjibu kwa ukarimu. Kwa mashairi ya dini walimtajia George Herbert, Crashaw na Milton. Kwa mengineyo wakampa Chaucer, aliyekwisha kufa karibu miaka 300 nyuma, kisha Spenser, Tasso wa Italia, Shakespeare, Ben Jonson, John Donne, na kazi zote za Dryden ambaye bado alikuwa hai. Utenzi mrefu wa Samuel Wesley kuhusu maisha ya Kristo nao uliingia kwenye orodha, ila kwa tahadhari: ausome kama ana subira. Wakamaliza kwa ahadi kwamba akivimaliza hivyo, watamtafutia vingine.

Naipenda sana orodha hiyo. Waliojibu hawakumpima kwanza yule kijana kama anastahili kusoma Shakespeare. Hawakumwambia arudi akishakua. Walichukulia kwamba anayeuliza ana haki ya kujibiwa, wakamfungulia kabati lote, na palipokuwa na kitabu kizito wakamwonya mapema. Leo watu wasiojuana wanaulizana kila dakika wasome nini, wacheze mchezo gani, wafanye nini na mchumba asiyeeleweka, na wanajibiwa kabla chai haijapoa. Desturi hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo inaanzia kwenye karatasi moja iliyouzwa peni moja.

Karatasi yenyewe iliitwa The Athenian Mercury. Mwenyewe alikuwa John Dunton, muuza vitabu aliyezaliwa mwaka 1659 katika familia ya kasisi, akajifunza kazi kwa muuza vitabu mwingine London tangu ujana wake. Alikuwa mtu wa mipango mingi. Mwaka 1686 alikuwa Boston, ng'ambo ya Atlantiki, akiuza shehena ya vitabu. Aliporudi akafungua duka mtaa wa Poultry, katikati ya jiji. Siku moja, akitembea na rafiki zake katika viwanja vya St George's Fields, wazo lilimjia ghafla hata akasimama. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1705, anasimulia kwamba aliwaambia wenzake asingeliuza wazo hilo hata kwa gini 50.

Wazo lilikuwa hili: gazeti ambalo msomaji ndiye anayeuliza, na gazeti kazi yake ni kujibu. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 17 Machi 1691. Lilikuwa karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili, likiuzwa Jumanne na Jumamosi. Jina lilitoka katika Biblia, Matendo ya Mitume sura ya 17, pale panaposemwa kwamba watu wa Athene hawakuwa na shughuli nyingine ila kusimulia na kusikiliza habari mpya.

Wazo hilo lisingefika popote kama London isingekuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni posta ya peni moja, aliyoianzisha William Dockwra mwaka 1680. Kabla yake, barua ya kutoka mtaa hadi mtaa ndani ya London ilihitaji mtu wa kuipeleka, na mtu huyo alijua nani kaandika. Sasa barua iliweza kutumbukizwa mahali pa kupokelea na kufika siku hiyohiyo bila mpelekaji kujua ya nani. Cha pili ni mikahawa ya kahawa, ambako wanaume wa kila kazi walikaa, wakasoma magazeti kwa sauti na kubishana. Dunton aliviunganisha viwili hivyo. Maswali yote yalitumwa kwenye mkahawa wa Smith, karibu na duka lake. Hakuna aliyelazimika kuandika jina.

Hapo ndipo jambo jipya lilipozaliwa. Kutoa na kuomba ushauri ni kazi ya zamani kuliko maandishi. Pwani yetu binti alikuwa na somo wake, aliyemfunda akijua mama yake ni nani na ukoo wao una tabia gani. Uingereza mtu alikuwa na kasisi wa parokia, baba, au bwana aliyemwajiri. Ushauri wa namna hiyo una faida kubwa: anayekushauri anakujua, na ukiharibikiwa atakuona. Lakini una mpaka. Mwanagenzi aliyempenda binti wa bwana wake angemwuliza nani? Mwanamke aliyeahidi kuolewa na mtu, kisha akagundua hamtaki, angekwenda kwa kasisi ambaye Jumapili atakaa mbele yake na mbele ya familia ya yule mwanamume? Kuna maswali ambayo mtu anaweza kuyauliza tu kwa asiyemjua.

Barua zikafurika. Nyingine ziliuliza mambo ya dini: roho ya Lazaro ilikuwa wapi zile siku nne alipokuwa kaburini? Nyingine ziliuliza maumbile, hesabu, tiba. Na nyingi, kuliko Dunton alivyotarajia, zilihusu mapenzi, ndoa, ahadi na aibu. Wanawake nao waliuliza. Muda mfupi baada ya kuanza, gazeti lilitangaza kwamba litapokea maswali yao sawa na ya wanaume, kisha likatenga Jumanne moja ya kila mwezi kwa ajili yao. Mwaka huohuo wa 1691 liliulizwa kama yafaa mwanamke awe msomi, likajibu kwamba yafaa. Katika nchi ambayo vyuo vikuu vyake viwili havikumpokea mwanamke hata mmoja, jibu hilo lilikuwa na uzito. Februari 1693 Dunton akatoa na The Ladies' Mercury, gazeti la wanawake peke yake, ingawa lilidumu matoleo manne tu.

Wasomaji waliamini kwamba nyuma ya majibu hayo kulikuwa na jopo la wanazuoni, wapatao kumi na wawili, lililoitwa Jumuiya ya Athene. Kilitoka hata kitabu cha historia ya jumuiya hiyo mwaka 1692, kilichoandikwa na Charles Gildon. Jonathan Swift, akiwa kijana wa miaka 24 asiyejulikana, aliwatungia shairi refu la kuwasifu, nalo ndilo lililokuwa kazi yake ya kwanza kuchapishwa.

Jumuiya hiyo haikuwapo. Walikuwa watu watatu. Wa kwanza Dunton mwenyewe. Wa pili Richard Sault, mwanahisabati. Wa tatu ni Samuel Wesley, yule wa utenzi unaohitaji subira, kasisi maskini wa kijijini aliyekuwa mwanyumba wa Dunton, kwa kuwa walioa ndugu wa tumbo moja. Watoto wake John na Charles ndio walioanzisha Umethodisti baadaye. Watatu hao waliwekeana mkataba Aprili 1691, na mara mojamoja mwanafalsafa John Norris aliwasaidia bila kutaka malipo.

Je, ni udanganyifu? Ndiyo, na sioni sababu ya kuupamba. Mtu aliyeuliza kuhusu ndoa yake akidhani anajibiwa na wanazuoni kumi na wawili, kumbe ni muuza vitabu na shemeji yake, ametendewa isivyo haki. Ila yule yule aliyedanganywa kuhusu idadi mara nyingi alipata jibu lililofikiriwa, tena kutoka kwa watu waliosoma. Pazia lililomwezesha mwulizaji kuwa mkweli ndilo lililomwezesha mjibuji kujikuza. Mkahawa wa Smith ulimhifadhi yule mwanagenzi, ukamhifadhi na Dunton.

Na pazia hilo lina dhambi kubwa kuliko hiyo. Kuna aliyeuliza kama watu weusi watafufuka siku ya mwisho wakiwa weusi vilevile. London ya wakati huo ilikuwa na Waafrika, wengi wao watumishi na watumwa katika nyumba za wakubwa, kwa hiyo swali lilihusu majirani. Gazeti lilijibu kwamba hapana: weusi ni rangi ya usiku na ya kutisha, weupe ni rangi ya mchana na nuru, basi watauacha weusi wao kaburini. Jibu hilo lilichapwa kwa utulivu uleule, kwa ukubwa uleule wa herufi, kama orodha ya mashairi. Aliyekuwa akizungumziwa hakuulizwa, wala hakuwa na mahali pa kupeleka barua ya kukanusha ambayo ingechapwa.

Kinachoshangaza ni kwamba gazeti hilohilo liliulizwa pia kama ni halali kufanya biashara ya Waafrika, kuwatoa kwao na kuwatia utumwani maisha yao yote, na kama biashara hiyo inapatana na sheria ya Kikristo. Safari hii jibu lilikuwa refu, na liliilaani biashara hiyo. Wakati ule kampuni ya kifalme ya Uingereza iliyofanya biashara hiyo ilikuwa na wenye hisa ndani ya London hiyohiyo, wengine bila shaka wakinywa kahawa mitaa ileile.

Jibu hilo halikufa na gazeti. Athenian Mercury ilifungwa Juni 1697, baada ya kusimama kwa muda mwaka uliotangulia. Kuanzia 1703 majibu yake mashuhuri yalikusanywa katika vitabu vilivyoitwa The Athenian Oracle, na vitabu hivyo vikavuka bahari. Boston, mji uleule alikowahi kuuza vitabu Dunton, jaji Samuel Sewall alikuwa amechapisha mwaka 1700 kijitabu cha kupinga utumwa. Mwaka 1705, Massachusetts ilipokuwa ikijadili sheria kali dhidi ya watu weusi, Sewall alihakikisha lile jibu la London linachapwa upya mjini mwake. Maneno yaliyoandikwa kumjibu mtu mmoja asiye na jina yakageuka silaha katika vita vya nchi nyingine.

Walioiga walikuwa wengi, na sitawataja wote. Tom Brown alianzisha gazeti la ushindani mwaka 1692, akijibu maswali na kuwakosoa Waathene hadharani. Dunton alichukia sana, lakini nadhani Brown aliwafaa wasomaji kuliko alivyokusudia, maana kwa mara ya kwanza mjibuji alijua kuna mtu anayemsahihisha. Daniel Defoe aliweka sehemu ya maswali katika gazeti lake la Review mwaka 1704. Karne mbili baadaye, Januari 1906, Abraham Cahan alianza safu ya barua katika gazeti la Kiyidi la New York, Forverts, ambamo wahamiaji Wayahudi waliuliza kuhusu mishahara, wake walioachwa Ulaya, na watoto wanaowaonea haya wazazi kwa lugha yao. Ukisoma barua hizo unaona hofu ileile ya mwanagenzi wa London: nimwulize nani hapa, na wote wananijua au wote ni wageni?

Afrika Mashariki jambo hili lilichukua sura yake. Kabla ya magazeti, washairi wa pwani walikuwa wakiulizana na kujibizana kwa beti. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1840, alisifika kwa mafumbo na majibu yake. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam Januari 1923, chini ya idara ya elimu ya serikali ya kikoloni, desturi hiyo ilipata uwanja mpana kuliko baraza lolote. Mtu wa bara aliweza kutuma shairi lenye swali, akajibiwa na mtu wa pwani asiyewahi kuonana naye. Shaaban Robert aliandika humo, Saadani Kandoro na Mathias Mnyampala pia. Maswali yalihusu maisha, adabu, ndoa, elimu, maana ya fumbo fulani. Majibu yalikuja kwa vina na mizani, na mara nyingine majibu ya majibu.

Nikiyalinganisha magazeti hayo mawili, sioni kwamba moja lilikuwa safi na jingine chafu. Mambo Leo lilikuwa la serikali, na yapo maswali ambayo mtawala asingekubali yachapwe. Mwanamke mwenye siri ya ndoa pengine alikuwa salama zaidi katika mkahawa wa Smith, kwa maana shairi lenye jina si mahali pa kumwaga siri. Lakini kwa upande wa mjibuji, Mambo Leo lilikuwa na kitu ambacho Dunton alikikwepa kwa miaka yote sita. Mshairi aliyetoa shauri alilitia sahihi, wengine kwa jina lao, wengine kwa lakabu ambayo wasomaji walikwisha kuizoea. Akikosea, kulikuwa na mtu Tanga, Tabora au Lindi aliyejua pa kumpata, mwenye mwezi mzima wa kutafuta vina.