Saa ya Muuguzi: Kifua, Damu na Moyo wa Mtoto katika Mbulu na Hanang

Msafiri apandaye ukuta wa Bonde la Ufa akaingia nchi ya Mbulu, kisha akashika njia ya kusini-magharibi kupitia Dongobesh hata Haydom, huku mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400 ukimchungulia upande wa kushoto, hukutana kwa safari ya siku moja tu na tabia za nchi ambazo kwingineko zingemgharimu juma zima: ubaridi na umande wa Kainam, upepo mkavu wa Basotu, na joto la bonde la Yaeda lielekealo Ziwa Eyasi. Kila tabia ya nchi ina maradhi yake ya watoto. Juu ni kikohozi, pumu na nimonia, ambayo wazee waliijua kwa jina la kichomi. Chini ni malaria ilayo damu. Na juu na chini pia ni yale maradhi ya koo ambayo, yasipotibiwa, hushuka taratibu yakamdhuru mtoto moyoni. Nakusudia hapa kueleza namna watoto hao walivyouguzwa tangu 1955, na nitadai mapema kwamba chombo kilichowafaa kuliko vyote ni saa yenye mshale wa sekunde, mkononi mwa mtu aliyefundishwa kuitazama na aliyepewa nafasi ya kuitazama.

Wairaqw wa zamani walijenga nyumba zao kwa kuchimba ubavu wa kilima, paa la udongo likalingana na ardhi iliyo nyuma yake, ili maadui wajao kupora ng'ombe wasiitambue kwa mbali. Na ndani yake walilala watu na mifugo pamoja, moto ukiwaka usiku kucha. Hekima ya jengo hilo haina shaka, kwani liliwahifadhi watu na baridi na adui kwa vizazi vingi, ila mapafu ya mtoto mchanga hayakushauriwa. Leo nyumba za namna hiyo ni nadra sana, lakini moshi haukuondoka pamoja nazo, madhali mafiga yangali ndani na kuni ndizo nishati ya wengi, khasa kati ya Juni na Agosti ambapo hakuna mama aliye tayari kupikia nje na mwana mgongoni. Tena hewa yenyewe ni nyepesi: mtu aliyesimama Haydom, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa kila pumzi hupata oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko mwenziwe aliye Tanga. Mzima hahisi tofauti hiyo. Mtoto ambaye pafu lake moja limekwisha kujaa usaha huihisi.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilijengwa na Misheni ya Kilutheri ya Norway na kufunguliwa Januari 1955, katika pembe ya Mbulu ambapo mataifa manne yenye lugha za asili mbalimbali kabisa hukutana: Wairaqw ambao ni Wakushi, Wadatoga (ambao Wabarabaigi wa Hanang ni tawi lao kubwa) ambao ni Waniloti, Wanyisanzu walio Wabantu, na Wahadzabe ambao lugha yao haina ndugu ajulikanaye. Mwaka 1961 aliwasili daktari Edvard Olsen na mkewe Kari, wakakaa miaka mingi. Hospitali ikawa mali ya kanisa la wenyeji, katika miaka ya 1980 ikaanzisha chuo chake cha uuguzi, na sasa ina vitanda zaidi ya 400, ikipokea wagonjwa wa Mbulu, Hanang, Iramba na kwingineko. Majina ya matabibu yamehifadhiwa vema katika habari za mahali hapo. Majina ya wauguzi, ambao wagonjwa huwaita wote sista bila kujali kama ni wa utawa au la, yamebaki aghalabu katika vitabu vya zamu tu, na hiyo si haki, maana daktari humwona mtoto mara moja kwa siku ilhali muuguzi humwona mchana na usiku.

Sharti tumtaje na mama. Katika wodi za watoto za nchi yetu mama halali nyumbani: hulala kitanda kimoja na mwanawe, au chini yake, akamlisha, akamwosha, akamkalisha wima kifua kinapobana, akawa mwuguzi wa kwanza asiye na mshahara wala cheo. Muuguzi mwenye busara hakumfukuza mama huyo, alimfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kuinua kichwa cha godoro, jinsi ya kumnyonyesha kidogo kidogo mtoto ahemaye asije akapaliwa, na ishara zipi zikitokea usiku amwite hima. Wapo waliowaona akina mama kama msongamano wa kuondolewa wodini. Sidhani kama watu hao waliwahi kubaki peke yao zamu ya usiku na watoto 40.

Katika miaka ya mwanzo kazi kubwa ya wodi ilikuwa ni maradhi ambayo wauguzi vijana wa leo huyasoma vitabuni tu: kifaduro ambacho humpindisha mtoto kwa kikohozi hadi akabadilika rangi, dondakoo liwezalo kuziba njia ya hewa, na surua iachayo nimonia nyuma yake. Pamoja na hayo ulikuwapo ugonjwa wa kifua kikuu, ambao katika nchi ya wafugaji huwa na mlango wa pili, yaani maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa, na dalili yake kwa watoto wengine si kikohozi bali ni matezi ya shingo. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975, na kwa vijiji visivyofikika kwa gari, khasa vya upande wa Yaeda, wauguzi wa Haydom walikwenda kwa ndege ndogo za kimisheni, wakatua kwenye viwanja vya nyasi, wakatundika mizani kwenye tawi la mti na kufungua sanduku la chanjo kivulini. Chanjo dhidi ya kidudu kikuu cha nimonia ilikuja baadaye sana, ikaanza kutolewa nchini mwanzoni mwa 2013.

Nimerudi kwenye nimonia kwa kuwa hapo ndipo saa ilipoonyesha thamani yake. Kabla ya miaka ya 1980 iliaminika kwamba nimonia hutambuliwa kwa kusikiliza kifua au kwa picha ya eksirei, na vyote viwili vilikuwa mbali na mtoto wa kijijini. Ndipo Bagamoyo ulipofanyika mradi ambao haukupata sifa unayostahili: wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuitambua nimonia kwa kumtazama mtoto anavyohema na kumpa dawa papo hapo, na vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka 5 vikapungua kwa zaidi ya robo katika muda wa miaka 2. Maarifa ya namna hiyo yaliingia katika kanuni za dunia nzima, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi mbili za kwanza, nyingine ikiwa Uganda, kuanza mwaka 1996 utaratibu wa kumpima mtoto kwa maradhi yote kwa pamoja badala ya lile moja lililotajwa na mama mlangoni.

Kanuni yenyewe ni rahisi kuisema. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno kwa mtoto asiyetimiza miezi 2. Pumzi 50 kwa asiyetimiza mwaka. Pumzi 40 kwa aliye kati ya mwaka 1 na miaka 5. Kuitenda ni kazi nyingine. Mtoto wa Mbulu huja amefungwa shuka mbili na sweta, naye akivuliwa hulia, na aliapo hesabu haina maana. Kwa hiyo muuguzi humwacha mapajani pa mama, ananyonya au amesinzia, akainua nguo taratibu hata tumbo lionekane, akashika saa usawa wa tumbo hilo ili macho yasihangaike, kisha akahesabu dakika nzima. Si nusu dakika ikazidishwa kwa mbili, kwani mtoto mchanga huhema kwa vipindi. Akiisha kuhesabu hutazama kama mbavu za chini zinaingia ndani kwa kila pumzi. Hapahitajiwi mkalimani, na mahali ambapo wodi moja ina lugha nne hilo si jambo dogo.

Hesabu hizohizo zilikwenda hatua moja mbele zaidi katika chumba cha kuzalia. Mtoto azaliwaye bila kupumua, kama hakuchangamka kwa kukaushwa na kusuguliwa mgongo, hana budi kupuliziwa hewa kwa mfuko na kibarakoa kabla ya dakika 1 kwisha. Watafiti wa Haydom walioketi kando ya wakunga na kupima muda waligundua kwamba kila sekunde 30 za kukawia ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Mwaka 2010 wauguzi na wakunga walipewa mafunzo ya siku moja kwa mwanasesere. Wakafaulu vizuri mbele ya mwanasesere, na katika kitanda cha uzazi mambo yakabaki yaleyale. Matokeo hayo yangeweza kufichwa, nami nawaheshimu kwa kuyatangaza. Toka 2011 mafunzo yakahamishiwa wodini, dakika 3 hadi 5 kila juma na marudio ya dakika 40 kila mwezi, chini ya wakufunzi waliotoka miongoni mwa wakunga wenyewe. Na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mwanasesere ni yuleyule, mfuko ni uleule. Kilichoongezeka ni mazoea ya mkono. Mtindo huo ulipanuliwa hadi hospitali na vituo 30 katika mikoa 5, Manyara ukiwamo.

Damu nayo ina kadhia yake. Mkoa wa Manyara una malaria kidogo ukilinganishwa na mikoa ya Ziwa, na ndiyo sababu ikishuka bondeni baada ya mvua huwakuta watoto ambao miili yao haijazoea kuikabili. Ongeza safura iletwayo na minyoo, na lishe ya maziwa matupu ambayo, pamoja na baraka zake zote, hayana madini ya chuma ya kutosha, nawe utapata mtoto mwenye viganja vyeupe, moyo ukipiga mbio na pua zikitanuka. Hapo zamani ndugu walisimama ukumbini kutoa damu usiku uleule, na baba mkubwa alionekana mwungwana au mwoga kwa jinsi alivyokunja mkono wa shati. Mpango wa Damu Salama wa taifa, ulioanza katikati ya muongo wa 2000, ulileta upimaji ulio bora, ingawa ndugu wangali wakiitwa akiba ikipungua.

Lakini chupa ya damu ikishatundikwa, mtoto huwa mikononi mwa muuguzi. Mtoto wa kilo 10 aongezwaye mililita 200 kwa muda wa saa 4, kwa mpira ambao matone yake 20 hufanya mililita 1, anapaswa kupokea matone 16 au 17 kwa dakika. Yakiwa 40, moyo uliochoka kwa ukosefu wa damu hushindwa kuyabeba na mapafu yakajaa maji. Kwamba haraka inaua si dhana tu: mwaka 2011 utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji kwa kasi mshipani walikufa zaidi, wapatao 10 na nusu kwa kila 100 katika saa 48, kuliko wasiomiminiwa, ambao walikuwa 7.3.

Kuhusu moyo habari ni fupi, na ufupi wake ni wa huzuni. Kwa miaka mingi mtoto aliyezaliwa na tundu moyoni alijulikana kwa jasho la kipaji anaponyonya, kwa kutonenepa, na kwa kichomi kisichokwisha kurudi, kisha akapewa dawa ya kupunguza maji mwilini na kurudishwa kwao. Wachache walipelekwa India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanza kazi yake 2015. Lakini kutoka Haydom hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700, na mama aliyeacha watoto wengine na ng'ombe nyumbani huanza kwa kuhesabu nauli.

Ama yule ambaye moyo wake uliharibiwa na maradhi ya koo, huyo saa haimfai tena, anataka kalenda. Dawa yake ni penisilini ya kuchomwa katika msuli kila baada ya majuma 3 au 4, yaani sindano 13 au zaidi kwa mwaka, kwa miaka 10 au hata utu uzima. Ni sindano inayouma, dawa yake ni nzito na huziba sindano upesi isipochanganywa vizuri, na mtoto mwenyewe siku hiyo huwa hajisikii mgonjwa. Kazi hiyo hufanyika katika zahanati, mara nyingi na muuguzi mmoja aliye peke yake, ambaye hana budi kukumbuka kwamba mtoto fulani wa Basotu hakuonekana mwezi uliopita kwa kuwa familia imehama na mifugo kufuata majani, na kuuliza mnadani ni nani ajuaye boma lao lilipo sasa.