Kuchacha, Kuchachusha na Kutia Ndimu

Tukuyu, wilayani Rungwe, Tanzania, maziwa yaliyoganda yana majina mawili: maziwa mgando na mtindi. Kenya huitwa maziwa lala, kwa mkato mala. Mgando ni jina la jicho, lala ni jina la subira: maziwa yaliachwa yakalala hadi yakawa tayari. Anayefanya kazi yenyewe, asidi, hatajwi popote.

Kazi yake ni kubwa. Bakteria hula laktosi, sukari ya maziwa, na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki. Maziwa mabichi yana pH, kipimo kinachoshuka asidi inapozidi, ya karibu 6.7; ikishuka hadi karibu 4.6, protini iitwayo kaseini hushikamana, nayo maziwa yakaganda. Bakteria hao hupenda joto, ndiyo maana maziwa hukawia kuganda kwenye baridi ya Rungwe na huwahi kule Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Asidi hiyohiyo huwazuia vijidudu wengi waharibifu, hivyo mgando hudumu kuliko maziwa mabichi.

Tumwite nani huyu mfanyakazi? Tindikali ni neno letu la siku nyingi, lakini leo masikio yanalihusisha na betri za magari na watu waliomwagiwa usoni. Mwambie mama kuwa mtindi wake una tindikali, ataumwaga. Asidi imetulia zaidi, na vitabu vya shule vimeizoea.

Utajiri wenyewe umo katika vitenzi. Wali uliolala ukaanza kunuka umechacha, na haufai tena. Mzizi huohuo umetupa chachu ya mkate na kitenzi kuchachusha. Tofauti imebebwa na kiambishi -sh-: chakula huchacha chenyewe, bali mtu huchachusha kwa kukusudia, akichagua chombo safi na muda wa kungoja. Kiambishi kimoja kinatenganisha hasara na ujuzi.

Ndimu haimo humo. Mpishi wa Tukuyu akikamulia ndimu parachichi lililopondwa ili lisigeuke jeusi, hajachachusha chochote. Ametia asidi kutoka nje. Achari ya siki ni hivyohivyo. Kuchachusha maziwa ni asidi kuzaliwa ndani ya chakula. Kutia ni asidi kuletwa na mkono. Istilahi zetu zisizichanganye njia hizi mbili.

Usahihi huu unagusa uhai. Rungwe ni nchi ya parachichi, na anayetaka kulisaga na kulifungia kwenye chupa ajue kwamba nyama yake ina pH inayozidi 6. Matone ya ndimu yanaokoa rangi, lakini hayatoshi kulihifadhi. Ndani ya chupa isiyo na hewa, bakteria wa sumu ya botulinamu huweza kukua pH inapozidi 4.6. Kusema “limehifadhiwa kwa ndimu” kwa sababu tu halijabadilika rangi ni kumpotosha mlaji.

Basi wataalamu wa lishe, maofisa ugani na waandishi wa lebo washike vitenzi vitatu: kimechacha, kimechachushwa, kimetiwa asidi. Kisha, kwa chakula cha chupa, waandike pH iliyopimwa. Maneno yamo vinywani mwetu tayari. Kilichobaki ni kuyatumia bila kuyachanganya.