Pia, Mtande na Mfumo: Maneno ya Uzi Katika Historia ya Kiswahili

Katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, sura ya 31 ya kitabu cha Mithali inamsifu mke mwema ambaye mikono yake haijui kulala. Hutafuta sufu na kitani, huamka kabla ya mapambazuko, na katika mstari wa 19 wafasiri wamemtia mkononi chombo kiitwacho pia. Msomaji wa leo akifika hapo hujikwaa. Aghalabu hulichukua neno hilo kuwa ni kile kiunganishi cha kila siku chenye maana ya "vilevile", kisha hubaki akijiuliza mama huyo ameshika nini, na ameshika vilevile pamoja na nini. Kosa si la wafasiri. Neno walilolichagua lilikuwa sahihi. Kilichopotea ni chombo chenyewe, na chombo kikipotea neno lake hubaki mfano wa nyumba isiyo na mwenyewe.

Pia tunayoijua sote ni ile wanayoichezea watoto, inayozunguka juu ya ncha yake. Pia ya msokotaji ni ndugu ya hiyo. Ni kijiti chembamba kilichopenyezwa katika kitu kizito cha mviringo, nacho hicho kizito ndicho kinachoendeleza mzunguko baada ya vidole kuachia. Msokotaji huvuta nyuzinyuzi za pamba kidogo kidogo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huizungusha pia. Pamba hujisokota ikawa uzi, uzi hukunjwa juu ya kijiti, kisha kazi huanza tena. Hakuna ufundi ulio rahisi kuueleza na mgumu kuutenda kama huu. Akivuta haraka uzi hukatika, na akichelewa hufanya vifundo.

Tunaeleza haya kwa urefu kwa sababu pwani yetu iliwahi kuijua sana kazi hii. Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa na kutoa taarifa yake mwaka 1974, alikuta kwa wingi vipande vya vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa tundu katikati. Vitu hivyo vilikuwa uzito wa pia. Fundi hakuhitaji kwenda mbali kuvitafuta. Chungu kilipovunjika, kigae kilipata kazi ya pili. Pamba imeoza zamani, vijiti vimeliwa na mchwa, lakini vigae havikuoza, na kwa hivyo tunajua kwamba nyuma ya msikiti na majumba ya mawe, ambayo ndiyo yanayosifiwa katika vitabu vya shule, palikuwa na mikono mingi iliyokuwa ikisokota tangu asubuhi hadi jioni.

Na ilibidi iwe mingi. Yeyote aliyepata kusokota kwa pia anajua kwamba mfumi mmoja humaliza uzi wa wasokotaji kadhaa. Jambo hili ndilo lililowasumbua Waingereza katika karne ya 18, hata James Hargreaves, mnamo mwaka 1764, akabuni mtambo wa kusokota nyuzi nyingi kwa mara moja, na Richard Arkwright akafuatia mwaka 1769 na mtambo wake ulioendeshwa kwa nguvu ya maji. Mapinduzi ya viwanda, ambayo walimu wetu wa historia huyaanzia kwenye makaa na mvuke, kwa sehemu kubwa yalianzia kwenye uhaba wa uzi.

Ushahidi wa maandishi nao haukosekani. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba nguo zilizofumwa mjini humo zilipelekwa hadi Misri na kwingineko. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mnamo mwaka 1516, alisimulia jambo la ajabu zaidi kuhusu watu wa Sofala. Walikuwa wakipanda pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na rangi ya kuzitia. Basi walichukua nguo za rangi zilizoletwa kutoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Nguo ya mgeni ilikuwa kwao mali ghafi. Hapo twaona kwamba kufumua, kitenzi ambacho siku hizi tunakitumia kwa nywele na kwa mishono iliyoharibika, kilikuwa sehemu ya uzalishaji. Nguo za Pate nazo zilisifika hata miongoni mwa Wareno, ambao hawakuwa wepesi wa kuisifu kazi ya watu wa pwani.

Barani pia mambo yalikuwa hivyo. Richard Burton, aliyepita Unyamwezi katika miaka ya 1857 na 1858, aliona nguo za pamba zikifumwa huko kwa mikono. Lakini katika miaka hiyohiyo, kila msafara aliokutana nao njiani ulikuwa umebeba kitu kingine: majora ya merikani.

Neno merikani linabeba historia yake katika silabi zake. Mwaka 1833 Sultani Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa nchi hiyo alianza kazi Unguja. Meli nyingi zilizokuja zilitoka Salem, mji wa jimbo la Massachusetts, zikileta nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa kwa mitambo. Nguo hiyo ilikuwa imara, ilikuwa ya aina moja kila mara, na haikumlazimu mtu kukaa siku nyingi na pia mkononi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, viliikatiza biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaja kuchukua nafasi, lakini jina likabaki. Watu waliendelea kuita merikani nguo ambayo haikuwahi kuiona Marekani.

Mtaalamu wa istilahi aangalie hapa kilichotokea. Maneno ya kununua nguo yalizidi kunawiri: jora, doti, shuka, mkono. Shuka ilikuwa mikono minne, na doti mikono minane, na kila mpagazi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji alizijua hesabu hizo kuliko alivyozijua sala zake. Maneno ya kutengeneza nguo yalianza kunyamaza. Kitanda cha mfumi, ndicho chombo cha kufumia, leo humfanya kijana afikirie kitanda cha kulalia cha mtu aitwaye Mfumi. Mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwa urefu, na mshindio, yaani uzi unaopitishwa kati yake kwa upana, yamebaki ndani ya kamusi. Na mwalimu anayeyahitaji darasani huona haya kuyatumia, akidhani ni ya kubuni.

Hata hivyo lugha haikuyatupa yote. Iliyahamisha. Hili ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwa maana katika meza za ofisi zetu kuna vumbi la pamba ambalo wenye meza hawalioni.

Tuanze na kuchambua. Kabla pamba haijasokotwa, hapana budi mbegu zake zitolewe moja moja. Kazi hiyo ndiyo kuchambua pamba, kama vile karafuu huchambuliwa na vikonyo vyake kutengwa. Siku hizi hatuna ripoti isiyo na uchambuzi: uchambuzi wa fasihi, uchambuzi wa bajeti, uchambuzi wa takwimu. Mwandishi anayekumbuka asili ya neno hilo hatasema amechambua jambo ilhali amelirudia tu kama lilivyo, kwa kuwa asiyetoa mbegu hajachambua.

Tuje kwenye mfumo. Kamusi za zamani zinalieleza neno hili kwa namna nguo ilivyofumwa: nguo hii mfumo wake mzito, ile mfumo wake mwepesi. Leo ni nadra kumsikia mtu akiitajia nguo mfumo, ila tuna mfumo wa elimu, mfumo wa sheria, mfumo wa chakula tumboni na mfumo wa vyama vingi. Ni istilahi nzuri kuliko nyingi tulizokopa, kwa sababu inatufundisha kwamba mambo hayo ni nyuzi zinazoshikana, na kwamba ukivuta mmoja mwingine hucheza. Nalo neno mtandao, lililoenea sana pamoja na kompyuta, ni ndugu wa mtande. Yote mawili yanatokana na kutanda. Kijana anayesema "mtandao uko chini" anazungumza bila kujua kwa lugha ya mfumi aliyetanda nyuzi zake.

Kisa cha neno cherehani ni kinyume cha hayo. Asili yake ni charkh la Kiajemi, lenye maana ya gurudumu. Bara Hindi neno hilo ndilo jina la gurudumu la kusokotea uzi, charkha, ambalo Gandhi alilifanya alama ya kujitegemea katika harakati za kudai uhuru. Kwetu lilikuja kwa maumbo mawili: cherehe, jiwe la kunolea linalozungushwa, na cherehani, mashine ya kushonea. Gurudumu lenyewe la kusokotea halikupata makao. Kwa pia tumepoteza chombo tukabaki na neno. Kwa cherehani tumepokea neno tukalipa chombo kingine.

Sasa tulitazame tatizo linalowakabili walimu wa sayansikimu na wafasiri wa vitabu vyao, nalo ni kitenzi kufuma. (Kufuma kwa mshale au mkuki tukuache, hilo ni neno jingine.) Mfumi wa zamani alifuma kwa mtande na mshindio. Mama wa leo hufuma sweta kwa sindano mbili. Kazi hizi hazifanani. Nguo ya kitanda cha mfumi ni nyuzi nyingi zinazokatana. Sweta ni uzi mmoja unaopita kitanzi ndani ya kitanzi, na ndiyo sababu sweta huvutika na merikani haivutiki, na sweta ikikatika uzi mmoja huweza kufumuka yote. Mwalimu akiandika ubaoni "elezeni hatua za kufuma", nusu ya darasa itaeleza kazi moja na nusu ya pili kazi nyingine, na wote watakuwa wamejibu.

Mchanganyiko huu una sababu zake za kihistoria. Ufumaji wa sindano si ufundi mkongwe sana hata ulikotoka. Miongoni mwa mabaki yake ya kale zaidi ni vipande vya soksi za pamba, nyeupe na buluu, vilivyopatikana Misri, vya zama za Kiislamu. Ulaya uliupokea na kuueneza. Mwaka 1589 William Lee, wa Calverton karibu na Nottingham, aliubunia mashine, lakini mikono haikuacha sindano. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, wanawake walisokota sufu ya kondoo wao wenyewe na kufuma huku wakitembea, mgongoni wamebeba vikapu vya udongo mkavu wa kuwashia moto, mikononi sindano zikienda. Shali zao nyingine zilikuwa nyepesi hata kuweza kupita ndani ya pete. Tume ya serikali ya Uingereza iliyopokea ushahidi visiwani humo mwaka 1872 ilielezwa kwamba wenye maduka hawakuwalipa fedha, bali chai na vitambaa, na mfumaji aliyehitaji unga alilazimika kutafuta wa kumuuzia chai hiyo. Wanawake wetu wa pwani, ambao husuka ukili wa mikeka huku wakizungumza na kupokea wageni, wangewaelewa wenzao hao mara moja, na wachuuzi wao pia wangewaelewa.

Kwetu ufundi huo ulifika pamoja na misheni na shule za wasichana, ukapendwa hasa katika nyanda za baridi, na baadaye ukaendelezwa na vyama vya akina mama. Wapokeaji hawakungoja kamati. Walitwaa kitenzi kilichokuwa kimeanza kukosa kazi, kufuma, wakakipa kazi mpya, na sindano yenye kulabu ikaingia humohumo. Hatuwalaumu. Wangeliweza kukopa neno la Kiingereza, kama walivyokopa sweta na soksi, wasikope. Na jambo hilo lastahili heshima.

Kwa hiyo hatuungi mkono pendekezo tunalolisikia mara kwa mara, kwamba sweta isisemwe kuwa imefumwa. Wananchi wamekwisha kuamua. Panapohitajika kutofautisha, yatosha kusema kufuma kwa kitanda na kufuma kwa sindano, na wa kitanda arudishiwe mtande wake na mshindio wake bila aibu. Kusokota libaki kuwa kugeuza pamba au sufu kuwa uzi. Na kupota, ambalo kamusi huliweka karibu nalo, tungependa litengwe kwa kazi ya kuunganisha nyuzi mbili au zaidi ziwe mmoja. Mfasiri awe macho vilevile na sufu na sufi: sufu ni ya mnyama, sufi ni ya msufi, ingawa zote mbili zina asili moja ya Kiarabu, na mto uliojazwa sufi si mto wa manyoya ya kondoo.

Linabaki lile duara la kigae lenye tundu. Wahifadhi wa makumbusho wanahitaji jina la kuandika kwenye kibao, na mengine tuliyoyaona ni marefu kuliko kitu chenyewe. Mkusanyaji mmoja aliandika "kifaa cha duara cha kusaidia mzunguko wa kijiti cha kusokotea". Sisi tungeandika kigae cha pia, na kama ni cha mawe au cha mti, jiwe la pia au gogo la pia. Wasomaji walioko Ufipa, Unyamwezi au visiwani, ambao bado wana bibi aliyeiona pia ikizunguka, tunawaomba wamwulize yeye alikiitaje.